Magige na Karatasi ya Mkwewe

Watu wa Murangi wanamjua Magige kama mwalimu mgumu wa kutoa alama. Mzazi anaweza kumpelekea jogoo, Magige atamshukuru, jogoo ataliwa, na mtoto atafeli vilevile. Mimi nikisikia hayo nacheka, maana ndiye niliyemlea, na najua alivyokuwaga.

Alikuwa mtoto wa kaka yangu wa Butiama. Mama yake alipofariki, kaka alimleta kwangu Mugeta, nilikoolewa, akaniambia, "Shangazi mtu ni mama, huyu ni wako." Nikampokea. Sikuwa na mtoto wa kiume, na hata ningekuwa naye nisingempenda zaidi ya huyu. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuweza kuona mtu amekwama. Mzee mwenye kigugumizi akianza neno, Magige anamalizia. Mbuzi wa jirani akinasa kwenye miiba, Magige anaacha jembe anakwenda kumnasua, na jirani mwenyewe amekaa kivulini anatazama. Nilimwambia, "Magige, mwache mtu amalize shida yake." Akasema, "Naona inachelewa, Shangazi."

Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa sekondari. Alilia siku hiyo, kisha akanawa uso akaenda kupalilia pamba. Alitaka ualimu tu, hakuna kingine alichokuwa anakitaka. Akiwa mdogo alikuwa anawapanga mbuzi wangu mstari na kuwaita majina kama mwalimu mkuu, na mbuzi asiyeitika anapewa adhabu ya kusimama.

Basi ikaja operesheni ya vijiji. Tulikuwa tunakaa mbalimbali, kila mji na mlima wake, tukaambiwa tusogee tukae pamoja kwa mistari. Sikupenda na sikuficha. Nilimwambia mwenyekiti wetu, mzee Machage, kwamba nyumba si mahindi, hazipandwi kwa kamba. Akasema, "Wegesa, panda hivyohivyo." Nikahamia. Na waliogawa viwanja walikuwa vijana wenye kamba na vigingi, hawakuuliza nani ni nani kwa nani. Nyumba yangu ikatazamana na nyumba ya Boke, mlango kwa mlango, njia tu katikati.

Boke alikuwa mama yake Esta, na Esta alikuwa ameshaposwa na Magige. Ng'ombe walikuwa wameshavuka, imebaki sherehe.

Kwa sisi, mtu na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Hamwiti jina, hali chakula mbele yake, hamkaribii. Wakikutana njiani, kijana anaingia porini mpaka mama apite. Zamani ilikuwa rahisi, mkwe yuko ng'ambo ya mlima, unamkwepa mara moja kwa mwaka. Sasa Ujamaa umewaweka mlango kwa mlango! Magige akitaka kutoka asubuhi, kwanza anakohoa. Boke naye anakohoa. Wanakoholeana mpaka mmoja aingie ndani. Wageni wakadhani mtaa wetu una kifua kikuu.

Ndipo kikaja kisomo, elimu ya watu wazima. Kila asiyejua kusoma aje darasani jioni akitoka shamba. Mwalimu alitakiwa kijana wa hapohapo aliyemaliza la saba, na aliyetokea mbele kabla hajaitwa ni Magige. Akaja afisa wa elimu kutoka Musoma, jina lake bwana Clementi, mtu mfupi, suruali yake imepigwa pasi hata huku kwenye vumbi. Alisema mbele ya wote, "Kijana akifundisha vizuri, na chama cha kijiji kikimpendekeza, atapata nafasi ya kwenda chuo cha ualimu." Magige alinitazama kama mtu aliyeambiwa mama yake amefufuka.

Darasa likawekwa kwenye godauni ya pamba. Tulikaa juu ya magunia, ubao umeegemezwa kwenye mizani. Na Boke akaja. Nani angemzuia? Tangazo lilisema wote. Alikwenda kukaa nyuma kabisa, nyuma ya rundo la pamba, ametupa mgongo, kanga kichwani. Magige naye akafundisha akitazama upande wa mlango. Sisi wengine alikuwa anapita, anashika mkono wa mtu, anafuta kibao, anasema, "Hapana, mama, hebu rudia." Nyuma ya rundo hakufika hata siku moja. Boke aliandika peke yake huko anachokijua Mungu, na jioni anafuta kibao chake kwa kanga anakwenda kupika ugali.

Nilimuuliza Magige, "Yule anajifunza kweli?"

"Sijui, Shangazi. Nitaendaje kutazama?"

"Basi mwambie mwenyekiti hujui."

"Nikamsemee mama mkwe wangu kwa mwenyekiti?" Akashika kichwa. Kwa hilo alikuwa sawa.

Mwaka wa sabini na tano ukaja mtihani. Tulifanya godaunini mchana, msimamizi ametoka kata nyingine. Mimi niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Karatasi zikakusanywa, msimamizi akaenda kula kwa mzee Machage, akamwachia Magige azifunge vizuri zisubiri Landrova.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye. Alipokuwa anazipanga, aliikuta ya Boke. Ilikuwa na vistari na duara moja, basi. Akaiweka chini. Akaichukua tena. Aliniambia, "Shangazi, niliona wataisoma Musoma, watamcheka. Mama yake Esta." Ule ugonjwa wake ukampanda. Akachukua penseli akaijaza.

Na kama angeijaza kwa akili, akaweka makosa mawili matatu ya mtu mzima, pengine isingejulikana. Lakini aliona kumwandikia mkwe makosa ni kumtukana. Akaandika yote sahihi, mpaka hesabu ya mwisho ya pamba iliyowashinda wanaume.

Miezi ikapita. Jina la Magige likaenda chuo, nafasi ikapatikana, nikamshonea mfuko wa turubai wa kuwekea nguo. Ukaitwa mkutano wa vijiji vyote vya kata kutangaza matokeo. Bwana Clementi akaja na suruali yake. Mimi nilipata ngazi ya pili, nikapiga kigelegele mwenyewe, sikungoja mtu. Kisha akasema, "Na sasa, mwanafunzi wa kwanza kata nzima anatoka hapa Mugeta. Mama Boke!"

Watu wakashangilia. Boke hakusimama. Wakamsukuma. Akasogea mbele polepole, na Magige aliyekuwa pembeni ya meza akarudi nyuma ya mti ili asimkaribie. Bwana Clementi akampa kitabu cha kilimo cha pamba.

"Tusomee kidogo, mama, wenzako wapate moyo."

Boke alikishika kile kitabu kama anashika mtoto wa mtu mwingine. Akamrudishia.

"Sijui kusoma, mwanangu."

"Usione haya, mama. Umepata zote!"

"Haya sina. Nasema sijui. Niliweka vistari."

Bwana Clementi akafungua mkoba wake, akatoa karatasi, akaitazama, akamtazama Boke. "Sasa haya aliandika nani?"

Boke alijua. Sote tulijua kwa wakati mmoja, kama mvua inavyopiga bati lote mara moja. Lakini kumtaja mkwe wake kwa jina hakuweza, na uongo hakuwa nao. Akasimama tu pale, midomo imefungwa, watu wanaanza kunong'ona kwamba amemtuma kijana amwibie. Nilitaka kusema mimi. Kabla sijafungua mdomo, Magige akatoka nyuma ya mti.

"Ni mimi, bwana. Hakuniomba."

Boke akavuta kanga usoni, akageuka, akaenda zake nyumbani akipita katikati ya watu.

Bwana Clementi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Chuo kinatafuta mwalimu. Wewe leo umewaandikia wakubwa, kesho utawaandikia watoto, na nchi nzima itakuwa na vyeti na hakuna anayejua kusoma." Akamwambia mzee Machage kwamba ile nafasi imefutwa. Ilikwenda kwa kijana mwingine wa Bunda, sikumjua, namwombea heri. Ule mfuko wa turubai niliutumia kuhifadhia mbegu.

Magige hakula. Mimi nilikula, nikampigia kelele huku nakula, maana nilikuwa na hasira kwa mdomo na kwa tumbo. Lakini nilipomtazama anavyokaa, magoti yamekutana na kidevu, nikavuka njia kwenda kwa Boke.

"Umemharibia mtoto wangu," nikamwambia.

"Mimi?" Boke alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. "Mimi nimemharibia? Nani alimwomba? Vile vistari vilikuwa vyangu, Wegesa. Nilikaa nyuma ya pamba msimu mzima, nikatoa vile vistari. Amevifuta. Kufeli kwangu mwenyewe amekuja kuninyang'anya!"

"Alikuonea huruma."

"Mwambie huruma yake aipeleke kwa mbuzi."

Tukagombana mpaka kuku wakahama. Nilirudi nyumbani nimeshindwa, na kitu hicho hakinitokeagi mara nyingi, kwa hiyo sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda lori la pamba mpaka Bunda, na la pili mpaka Musoma. Nikauliza ofisi ya elimu. Nikakaa kwenye benchi. Karani akaniambia bwana Clementi ana kazi. Nikamwambia na mimi ninayo, ndiyo hii ninayoifanya hapa, kukaa. Mchana akanifungulia.

"Bibi, nafasi ilishakwenda."

"Sijafuata nafasi. Nimekuja kukuuliza. Wewe una mama mkwe?"

Akashangaa. "Ninaye. Yuko Murangi."

"Uliwahi kumfundisha kusoma?"

"Mimi?" Akacheka bila kutaka. "Bibi, mimi nikienda kule napitia nyuma ya zizi. Mwaka jana nilirukia kisimani kumkwepa."

"Haya. Na huyu mmemwekea mkwe darasani, mkataka amfundishe. Angemshika mkono amwelekeze? Mlipogawa nyumba na madarasa mlimuuliza nani?"

Akazungusha kalamu. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima mwenzangu sasa, si ya ofisi, "Kufundisha ni kweli alikuwa hawezi. Lakini kusema 'nimeshindwa kumfundisha huyu' alikuwa anaweza. Hilo hakulisema. Alichagua penseli. Bibi, kosa ni lake."

Sikupenda jibu lile.

"Mtihani mwingine uko sabini na saba," akasema. "Aendelee kufundisha. Yule mama afundishwe kweli na apimwe kweli. Chama cha kijiji kikikubali tena kumpendekeza, mimi nitapokea. Kisipokubali, hatakwenda popote, na usirudi kwenye benchi langu."

Nilimwambia benchi ni la serikali. Lakini nilimshukuru.

Sasa ikawa kazi. Boke alikataa kurudi. Nilimwambia, "Unasema kufeli ni kwako. Basi njoo ufeli vizuri, mbele ya watu, usibaki na sifa ya wizi." Hilo lilimwingia. Kesho yake alikuja na kibao.

Tukafanya hivi. Boke anakaa nyuma ya rundo lake. Mimi nakaa kwenye kona ya rundo, nawaona wote wawili, wao hawaonani. Magige anasimama upande wa pili anatazama mlango.

"Shangazi, mwambie mama anyanyue kibao ukione."

"Boke, nyanyua kibao."

"Nimesikia, si kiziwi."

"Amenyanyua. Kuna kitu kama jembe lililovunjika mpini."

"Mwambie mama hiyo ni nzuri, ila mpini ushuke chini."

"Mwambie mwalimu wako asinidanganye kuwa ni nzuri. Ni nzuri au si nzuri?"

Magige akakohoa. Nilimwona anavyohangaika, ule ugonjwa unampanda tena, mkono umeshaanza kutafuta chaki amchoree. Nikamkazia jicho.

"Mwambie mama," akasema mwishoni, "si nzuri."

"Eeh," Boke akasema nyuma ya pamba, na nikasikia sauti yake imetulia. "Hapo sasa."

Darasa zima likawa linacheka. Wanaume wakamwita Magige mwalimu wa upepo. Boke akimkasirikia ananigombeza mimi, na Magige akichoka ananieleza mimi kwa sauti ya taratibu kana kwamba mimi ndiye sijui. "Wote wawili mnaniona gunia!" niliwaambia. Esta, aliyekuwa anatupitishia maji, alilazimika kutoka nje akacheke. Yeye na Magige walioana katikati ya hayo. Ndoa ilikuwa nzuri, ila harusini bwana harusi na mama mkwe walikaa pande mbili za nyumba kama kawaida, na kila mmoja akanituma kwa mwenzake.

Lakini jambo halikwenda haraka. Boke alikuwa amezeeka macho, na nyuma ya pamba hakuna mwanga. Magige alianza kujua kwamba mama mkwe hatafaulu. Mimi pia nilijua. Na kijijini maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema, akimpa mkwe alama nzuri tutajua ameiba tena, hatuwezi kumpendekeza. Wengine wakasema, akimfelisha mkwe wake mbele za watu, huyo si mtu, hatuwezi kumpendekeza vilevile. Kati ya hukumu hizo mbili angekwenda wapi? Aliniuliza hivyo usiku mmoja. Nikamwambia, "Pa kwenda ni mahali pamoja tu. Andika ulichokiona."

Sabini na saba ikafika, chama kimeshabadilika jina, mtihani ukafanyika. Safari hii karatasi alikaa nazo msimamizi, na Magige aliomba mwenyewe iwe hivyo. Matokeo yaliporudi, mzee Machage aliita mkutano, akasema kwanza mwalimu asome matokeo ya darasa lake, kisha wanakijiji waamue juu ya chuo.

Magige akasoma. Mimi ngazi ya tatu, nimepanda moja! Nikajifanya nilijua. Wanaume wakasomwa, wengine wakainama. Likabaki moja. Jina hakuweza kulitamka. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, naliona kutoka nilipokaa.

"Mama wa nyumba inayotazamana na ya shangazi yangu," akasema, akitazama milima. "Anajua kuandika jina lake. Kusoma hajui. Hajafaulu."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasimama kwa fimbo. "Mmesikia? Amemvua mkwe wake nguo mchana! Mtu wa namna hii mnataka mumpe watoto wenu?" Wengi wakaitikia. Mzee Machage akatazama huku na huku, nikaona anapima mkutano unaelekea wapi, na unaelekea kubaya. Magige alikuwa amekunja ile karatasi, anaitia mfukoni kama mtu aliyekwishajua.

Boke akasimama. Alisimama ameipa meza mgongo, kanga imefunika uso, anatazama wanawake wenzake.

"Wegesa," akaita.

"Nipo."

"Waambie watu."

"Waambie mwenyewe, wamejaa hapa!"

"Waambie, mara ya kwanza yule mtu alinipa kisichokuwa changu, nikaitwa mwizi. Leo amenipa changu. Ni kidogo, lakini ni changu, jina langu lote nimeliandika mimi. Waambie nani kati yao anaweza kusimama hapa aseme mama mkwe wake hajui. Aseme sasa, nimsikie." Akangoja. Yule mzee wa fimbo akakaa. "Haya. Yule aliyeweza kuniambia mimi, mtoto wa Machage akifeli ataogopa kumwambia?"

Mkutano ukapasuka kwa kicheko, maana mtoto wa mwenyekiti alikuwa mvivu maarufu. Mzee Machage mwenyewe akacheka mpaka akavua kofia.

"Wanaosema aende?" akauliza. Mikono ikanyanyuka. Si yote. Ilitosha.

Aliondoka mwanzo wa mwaka uliofuata, na basi la Bunda. Amechelewa miaka miwili, wenzake wa umri wake walikuwa wameshapata shule na baiskeli. Aliniuliza stendi, "Shangazi, unadhani mama amenisamehe?" Nikamwambia hilo akamuulize mwenyewe. "Nitamuulizaje?" akasema. Nikamwambia basi abaki hajui, kuna mambo ambayo mtu hamaliziwi na mwenzake.

Pale kijijini tuliletewa mwalimu mwingine wa kisomo, msichana wa Kisorya, mpole sana. Alikuwa anaruhusiwa kwenda mpaka nyuma ya rundo la pamba, akainama, akamshika Boke mkono. Boke alivumilia wiki chache. Kisha akaja kwangu kulalamika.

"Wegesa, huyu binti kila nikiandika anasema vizuri, mama, vizuri."

"Si ndiyo sifa hizo?"

"Sifa gani! Najuaje kama ni kweli?" Akaweka kibao chake kwenye magoti yangu. "Tazama wewe. Na usinionee huruma."

Nikakitazama. Nikamwambia si nzuri. Akakaa chini palepale, akaanza upya.